Kizuizi cha Kasa kwenye Dreja: Chuma Kizuri Kinachohitaji Sheria Kali

Tathmini hii inahusu kifaa kimoja, nacho ni kizuizi cha chuma kinachochomelewa mbele ya kichwa cha kufyonzea cha dreja, yaani ile meli inayochimbua mchanga na tope kwenye lango la bandari, ili kasa aliyepumzika chini ya bahari asivutwe na pampu. Nimekiona kikifanya kazi kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, nchi kilikobuniwa, nikiwa mmoja wa waangalizi wa wanyama walio hatarini kutoweka ambao meli hizo hulazimika kuwa nao. Ninawaandikia wasomaji wa pwani yetu, hasa wanaokaa kwenye kamati za zabuni, kwenye ofisi za mazingira na kwenye vikundi vya usimamizi wa fukwe, kwa sababu bandari za Mombasa, Lamu na Dar es Salaam zote zimeongezwa kina katika miaka hii ya karibuni, na kazi ya namna hiyo haifanywi mara moja ikaisha. Tope hurudi, na meli za kulichimbua hurudi pia. Uamuzi wangu nautoa mapema: kifaa ni kizuri na ninakipendekeza, lakini atakayekinunua bila sheria za kukiendesha, na bila mtu wa kuzisimamia usiku na mchana, atakuwa amenunua chuma tu.

Ili thamani yake ieleweke ni lazima kwanza ieleweke hatari yenyewe. Dreja ya kufyonza hushusha ubavuni mikono ya bomba, na mwishoni mwa kila mkono kuna kichwa kizito kinachoburutwa juu ya sakafu ya bahari huku meli ikisogea polepole, kwa mwendo wa maili moja hadi tatu za baharini kwa saa. Pampu huvuta maji na mchanga kwa pamoja hadi kwenye tumbo la meli, mchanga ukatuama, na maji ya juu yakafurika kurudi baharini. Samaki wengi huweza kukimbia. Kasa hawezi kwa urahisi, kwa sababu mikondo ya meli, yaani njia za kina zilizochimbwa ili meli zipite, ni mahali anapopenda kupumzika, na katika maji ya baridi ya Florida baadhi yao hujifukia topeni kabisa, gamba likabaki likionekana kidogo tu. Kichwa cha kufyonzea kikimpitia juu, huvutwa ndani, na pampu humvunja gamba na mifupa kabla hajafika tumboni mwa meli. Wanaotoka hai ni wachache mno.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika Port Canaveral, Florida, mwaka 1980, pale waangalizi waliowekwa melini walipohesabu zaidi ya kasa 70 waliouawa katika kazi moja ya kuchimbua mkondo, wengi wao wakiwa duvi, mojawapo ya aina za kasa. Tangu hapo Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, ambacho ndicho chenye dhamana ya kutunza njia za meli nchini humo, kilianza kutafuta ufumbuzi. Aina ya kichwa cha kufyonzea ilibadilishwa, minyororo ikafungwa mbele yake, na mapema katika miaka ya 1990 kituo chake cha utafiti cha Vicksburg, Mississippi, kikatoa kizuizi kigumu ninachokitathmini hapa. Kilijaribiwa kwa kasa bandia waliotengenezwa kwa zege na kuwekwa kwenye njia ya kichwa, na sehemu kubwa sana yao walisukumwa kando badala ya kumezwa. Nalitaja jaribio hilo kwa heshima, lakini pia kwa tahadhari: kasa wa zege haogelei, hashtuki, na aliwekwa mahali ambapo watafiti walipajua.

Kwa umbo, kizuizi ni mabamba mazito ya chuma yaliyounganishwa mfano wa plau, ncha ikitazama mbele. Hakitegemei kumgonga kasa ili kumwondoa. Kikizama mchangani ipasavyo husukuma mbele yake tuta la mchanga linalotembea pamoja nacho, na tuta hilo ndilo linalomfikia kasa kwanza, likamnyanyua na kumtelezesha pembeni kabla mdomo wa bomba haujafika. Ndiyo maana maelekezo yanataka ncha ya kizuizi izame walau inchi 6, yaani kama sentimita 15. Ikipungua hapo tuta haliundiki, na chuma kinakuwa kinaning'inia tu mbele ya mdomo unaofyonza.

Hapa ndipo ubora wa kifaa unapoishia na ubora wa binadamu unapoanzia. Kizuizi hufanya kazi pale tu kichwa kinapokuwa kimekaa imara chini. Kichwa kikinyanyuka, hata kwa kiasi kidogo, na pampu ikawa inaendelea kuvuta, kinageuka kuwa mdomo ulio wazi katikati ya maji, tayari kumvuta yeyote aliye karibu. Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba pampu haiwashwi mpaka kichwa kifike chini, na huzimwa au kupunguzwa nguvu kabla hakijanyanyuliwa. Meli ikitaka kugeuka mwishoni mwa mkondo, vichwa hunyanyuliwa huku pampu zikiwa zimetulia. Anayelitekeleza hili ni mtu mmoja aliyeketi kwenye chumba cha uendeshaji akiwa na mikono yake juu ya vitufe vya winchi na pampu, akitazama vipimo vya kina, vya shinikizo na vya uzito wa mchanganyiko unaopita bombani. Kila anapochelewa kuzima pampu, kasa anaingia hatarini.

Kuna meli moja niliyofanyia kazi ambayo waendeshaji wake walikuwa na mazoea ya kunyanyua vichwa kidogo pampu zikiendelea, ili kusafisha bomba lililoanza kuziba kwa udongo wa mfinyanzi. Kwao ilikuwa njia ya kuokoa muda, na muda kwenye dreja ni fedha nyingi. Mabomba huziba kweli, na mtu asiyewahi kuona bomba la upana ule likiziba asiwahukumu haraka. Hata hivyo kuna njia ya kulisafisha bila kukiacha kichwa kikivuta katikati ya maji, nayo ni kufungua vali inayoingiza maji safi bombani wakati kichwa kikiwa bado chini. Tulipolisisitiza hilo, na nahodha akalifanya kuwa amri, mazoea yale yalikoma. Chuma kilikuwa kile kile kabla ya amri na baada yake.

Udhaifu wa pili wa kizuizi hujitokeza mwishoni mwa kazi, wakati wa kusawazisha. Sehemu kubwa ya mchanga ikishaondolewa, sakafu ya mkondo hubaki na matuta na mifereji iliyoachwa na vichwa vyenyewe, na mkandarasi hulazimika kupita tena na tena juu ya matuta hayo ili kufikia kina kilichoandikwa kwenye mkataba. Kichwa kinachopita juu ya matuta hakiwezi kukaa imara. Huruka kutoka tuta hadi tuta, na kasa aliyejilaza kwenye mfereji chini yake hupitiwa na mdomo ambao haujagusa mchanga. Waangalizi wenye uzoefu huogopa siku hizo za mwisho kuliko siku za mwanzo, ingawa mchanga unaotoka ni mdogo. Baadhi ya miradi hutumia boriti zito la chuma linaloburutwa na tishali ili kusawazisha matuta, na hilo huokoa upande mmoja huku likizua hofu upande mwingine, kwani boriti lenyewe laweza kumponda kasa pasipo kuacha ushahidi wowote melini.

Mtu atajuaje basi kama kizuizi kinafanya kazi? Jibu liko kwenye makapu. Bomba linapomimina mchanganyiko ndani ya meli, maji yote hupitishwa kwanza kwenye kapu kubwa la chuma lenye matundu ya inchi 4 kwa inchi 4, na kila meli inapokwisha kujaa mwangalizi huingia kulikagua. Kazi hii sio ya ofisini. Usiku wa manane, chini ya taa kali, mwangalizi amevaa kofia ngumu, jaketi okozi na viatu vya mpira, anashuka kwa ngazi yenye utelezi na kuanza kuchambua kilichonaswa: mawe, makombe, kaa waliokatika miguu, vipande vya kamba, matairi ya gari, mabonge ya mfinyanzi ambayo ni lazima yavunjwe kwa maji ya mpira moja baada ya jingine kwa sababu bonge lolote laweza kuficha kipande cha gamba. Kipande kikipatikana huoshwa, hupimwa, hupigwa picha, na aina ya kasa hutambuliwa kwa mpangilio wa magamba yake. Kisha taarifa hutumwa, na idadi hulinganishwa na kiwango ambacho mradi umeruhusiwa. Kiwango kikifikiwa, kazi husimama hadi mamlaka zikubaliane jinsi ya kuendelea.

Nampa mtengenezaji wa makapu hayo alama za juu, lakini msomaji asidhani kwamba kapu linaona kila kitu. Idara ya uvuvi wa baharini ya serikali ya Marekani, katika maoni yake ya kisayansi ya mwaka 2003 kuhusu miradi ya Ghuba ya Mexico, ilikadiria kwamba waangalizi hubaini kama nusu tu ya vifo. Vingine hupita, kwa kuwa mwili uliosagika hupenya matunduni, au kapu huziba kwa mfinyanzi na kulazimu matundu yapanuliwe. Hali huwa mbaya zaidi kwenye maeneo yenye mabomu ya zamani yaliyozama, ambako kichwa cha kufyonzea hufungwa nondo za kuzuia mabomu yasiingie. Nondo hizo huzuia pia mwili wa kasa kufika kapuni. Anayesoma ripoti ya mradi wa namna hiyo na kuona sifuri kwenye safu ya vifo asifurahi upesi.

Huduma nyingine inayouzwa pamoja na kizuizi ni ile ya meli za kukokota nyavu zinazotangulia mbele ya dreja na kuwavua kasa wakiwa hai, kuwapima, kuwawekea alama na kuwaachia mbali na eneo la kazi. Huko Marekani kila mkokoto hauruhusiwi kuzidi dakika 42, ili kasa asizame wavuni. Huduma hii ni ghali na inahitaji wavuvi mahiri, lakini mahali penye kasa wengi huokoa maisha, na kwa mtazamo wangu ndiyo nyongeza ya kwanza ya kuongeza ikiwa fedha zipo. Minyororo inayoning'inizwa mbele ya kichwa, inayotumiwa zaidi Australia, nayo inafaa kutajwa: humshtua kasa na kumfanya aondoke, ni nyepesi kuliko bamba, na kwa mkandarasi asiyetaka kuchomelea chuma kizito kwenye kichwa chake ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Nije sasa kwenye yale ambayo kizuizi hakiwezi kabisa, maana nimeona nyaraka za miradi zikiandika "hatua za kulinda viumbe adimu zimechukuliwa" na ukisoma ndani unakuta kizuizi cha kasa peke yake. Kizuizi hakizuii tope. Bandari ya Miami iliongezwa kina kati ya mwaka 2013 na 2015, na vumbi la mchanga lililofurika kutoka kwenye kazi hiyo lilitua juu ya matumbawe yaliyokuwa kando ya mkondo, yakiwemo ya aina zinazolindwa na sheria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba matumbawe zaidi ya nusu milioni yalikufa ndani ya mita 500 kutoka kwenye mkondo. Tumbawe halikimbii wala haliingii kapuni likahesabiwa. Linalohitajika huko ni kupunguza maji yanayofurika kutoka melini, kupima uchafu wa maji kila saa, na kusimamisha kazi kipimo kinapovuka mpaka uliowekwa kabla ya mkataba kutiwa saini.

Mambo haya yana uzito wa pekee kwetu. Maji ya Afrika Mashariki yana aina tano za kasa, nao ni kasa wa kawaida, ng'amba, kigome, duvi na noa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na kanuni za uvuvi za Tanzania zinawalinda. Marekani imekuwa na kinga moja ambayo sisi hatuna: kwa miaka mingi kazi za kufyonza kwenye pwani yake ya kusini-mashariki zilipangwa kati ya Desemba na Machi, wakati maji ni baridi na kasa wengi wamehama. Kwetu hakuna baridi ya kumwondoa kasa. Hutaga karibu mwaka mzima, kilele cha kasa wa kawaida kikiwa katika miezi inayozunguka masika, na hula nyasi za baharini katika maji yale yale ambamo bandari hujengwa. Kwa hiyo hatuwezi kuiga kalenda ya Florida na kudhani tumemaliza. Ni lazima kalenda yetu itokane na kumbukumbu za wanaolinda viota kwenye fukwe zetu, na kwa sababu kalenda haitatosha, kizuizi, makapu na waangalizi kwetu vina umuhimu mkubwa kuliko huko vilikobuniwa.

Zaidi ya kasa yuko nguva. Desemba mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki aliwekwa kwenye kundi la walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, ikikadiriwa kwamba wamebaki wakubwa wasiofikia 250. Kizuizi cha kasa hakina la kumfanyia nguva. Anayemdhuru ni kupotea kwa nyasi zinazofunikwa na tope, na meli zinazopita kwa kasi kwenye malisho yake. Mradi wowote wa kuchimbua utakaogusa maji kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa usikubali kuambiwa kwamba kifaa hiki kinatosha.

Wavuvi pia wamo katika hesabu hii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya huko Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki ya mazingira safi na haki za kitamaduni za wakazi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Wale waliojua ni mfereji gani kasa hulala na ni wapi nyasi zimestawi walikuwapo tangu mwanzo, na ujuzi wao ulihitajika kabla ya meli ya kwanza kushusha mkono wake. Ningekuwa mwandishi wa zabuni ningewaajiri kama waangalizi, nikawapa mafunzo ya kutambua magamba na mamlaka ya kumfikia nahodha moja kwa moja, na nisingekubali mwangalizi alipwe na mkandarasi anayemwangalia.

Katika zabuni hiyo ningeandika pia kwamba kizuizi kikaguliwe kabla ya kazi kuanza na kila kichwa kinapopandishwa kwa matengenezo, kwa sababu bamba hupinda na ncha huliwa na mchanga. Kwamba kumbukumbu za kielektroniki za kina cha kichwa na hali ya pampu zikabidhiwe kwa mamlaka ya mazingira kila siku, maana humo ndimo inapoonekana pampu iliyovuta wakati kichwa hakijagusa chini. Na kwamba mkandarasi alipwe kwa kina cha wastani kinachokubalika, asilazimishwe kufukuzia kila tuta la mwisho. Sharti hili la mwisho linaonekana la kihasibu, lakini ndilo linalofupisha zile siku za kusawazisha ambazo kizuizi hakina uwezo nazo.

Limebaki swali ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya yote, nalo ni kama anahitaji meli ya kufyonza. Dreja za kukata zinazosimama mahali pamoja, na zile za kijiko zinazochota na kupakia kwenye tishali, ni nadra sana kuua kasa, kwa kuwa haziburuti mdomo mkubwa juu ya sakafu ya bahari. Kwenye lango la nje lenye mawimbi makubwa haziwezi kufanya kazi, na hapo dreja ya kufyonza yenye kizuizi, makapu na waangalizi ndiyo chaguo langu. Ndani ya bandari, pembeni mwa gati na kwenye hori zilizokingwa na mawimbi, ningechagua kijiko, hata kama kazi itachukua wiki kadhaa zaidi.